Wasiwasi Usiokwisha: Simu, Usingizi na Maradhi ya Mawazo ya Kujirudia

Vijana wakimwona mwenzao anapanga viatu mstari mmoja au anapangusa meza mara mbili, humtania kwamba ana OCD. Utani huo umeenezwa na video fupi za mitandaoni, na madhara yake si madogo. Umeufanya ugonjwa mzito uonekane kama kupenda usafi tu, na umewanyamazisha wanaougua kweli, kwa sababu kinachowasumbua hakifanani na kupanga viatu hata chembe.

OCD ni kifupi ambacho madaktari hutumia kwa maradhi ya mawazo sumbufu na matendo ya kulazimika. Yana pande mbili. Upande wa kwanza ni wazo, picha au msukumo unaoingia akilini bila kukaribishwa na kukataa kutoka: kwamba mikono ina viini, kwamba mlango haukufungwa, kwamba mtu amemgonga mpita njia barabarani bila kujua, kwamba atamdhuru mtoto wake mwenyewe, au kwamba amemkufuru Mungu katikati ya sala. Mwenye wazo hilo halitaki. Linamwogofya hasa kwa sababu ni kinyume cha vile alivyo. Upande wa pili ni kile anachofanya ili apate nafuu: kunawa tena, kukagua tena, kuhesabu, kuanza sala upya, kuwauliza wengine, "Una hakika?" Nafuu huja, lakini ni ya dakika chache. Kisha shaka hurudi, na safari hii hudai zaidi.

Kiswahili kilikuwa na neno la jambo hili kabla hospitali yoyote haijajengwa Eldoret. Wasiwasi limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mnong'ono unaotia shaka moyoni, na Pwani bado husemwa kwamba mtu ana wasiwasi wa udhu anapotawadha mara baada ya mara asiamini kuwa ametwahirika. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na nafsi ambamo aliyatenga mawazo ya aina hii na hasira, huzuni na hofu, akayapa sehemu yake peke yake. Kwa hiyo si ugonjwa wa kizungu, wala haukuletwa na simu. Simu imeupa tu uwanja mpya.

Ni lini basi wasiwasi wa kawaida huwa ugonjwa? Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake ni wa baridi, na nyumba nyingi huota jiko la makaa. Kuhakikisha kwamba jiko limetolewa nje kabla ya kulala ni busara, maana hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haionekani na huua watu usingizini. Kila familia inapaswa kufanya hivyo. Mtu akikagua mara moja akalala, hana tatizo. Akiamka mara 12, huku anajua kwamba jiko liko nje na aliliona kwa macho yake, lakini moyo unakataa kutulia, hilo ni jambo jingine. Kipimo kimoja wanachotumia wataalamu ni muda: mawazo na matendo hayo yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakimzuia mtu kusoma, kufanya kazi au kuishi vizuri na watu wake, yanastahili kuangaliwa na mhudumu wa afya.

Ulimwenguni, wanaopata maradhi haya wakati fulani maishani hukadiriwa kuwa kati ya mtu mmoja na watatu katika kila mia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,163,186 katika Kaunti ya Uasin Gishu. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, mmoja katika mia, hao ni zaidi ya watu 11,000. Wengi huanza kuugua utotoni au katika ujana, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 25, yaani umri uleule wa wanafunzi wanaojaza shule zetu za upili, vyuo vya ufundi, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret. Ni umri uleule pia unaoshika simu kuliko wote.

Geti lina mwisho, simu haina

Anayekagua geti usiku hukutana na vizuizi. Kuna baridi, kuna mbwa wa jirani, kuna mama anayeuliza ndani, "Nani huyo tena?" Vizuizi hivyo, ingawa vinaudhi, husaidia. Simu haina hata kimoja. Iko chini ya mto, inawaka kwa kidole, na hakuna anayesikia.

Yapo mambo mengi ya kukagua humo. Mtu ametuma pesa kwa M-Pesa, ujumbe wa kuthibitisha umefika na jina la mpokeaji ni sahihi, lakini anaufungua tena na tena kuona kama hakukosea tarakimu. Mwingine ameandika salamu za rambirambi katika kundi la chama kwenye WhatsApp. Anazisoma mara 20 akitafuta neno ambalo huenda limemuudhi mtu, anazifuta, anaziandika upya, kisha anaanza kuogopa kwamba wenzake wameona amefuta. Tiki mbili zikigeuka buluu na jibu lisije, usiku umeharibika. Mwingine hupiga picha ya meko na kitasa cha mlango kabla ya kuondoka nyumbani ili aitazame picha akiwa kwenye matatu. Mwanzoni picha humtuliza. Baada ya wiki mbili hujiuliza kama picha hiyo ni ya leo au ya jana, na sasa ana vitu viwili vya kukagua.

Kila mkaguzi hufundishwa somo moja na ukaguzi wake: kwamba hatari ilikuwa ya kweli na aliepuka kwa sababu alikagua. Kwa hiyo kukagua hakuondoi shaka. Hukuza shaka. Huu ndio moyo wa maradhi haya, na asiyeuelewa atamshauri mgonjwa vibaya hata akiwa na nia njema.

Kutafuta majibu mtandaoni ni ukaguzi wa aina ileile, nao pengine ndio unaoumiza zaidi. Chukua hali ya mama aliyejifungua hivi karibuni, ambaye akiwa jikoni anapitiwa na picha ya kisu na mtoto. Anashtuka. Hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu anaamini kwamba mtu akisikia atamnyang'anya mtoto au atasema ana mapepo. Usiku, mtoto akilala, anaandika swali lake kwenye simu. Anasoma kurasa kumi. Ya kwanza inamtuliza, ya tano inamtisha, na programu ya video, ambayo kazi yake ni kumletea mtu zaidi ya kile alichokitazama kwa muda mrefu, inaanza kumwonyesha habari za akina mama waliowaua watoto wao. Haijui kwamba alizitazama kwa hofu. Inajua tu kwamba alizitazama. Kufika saa nane usiku mama huyo ana hakika kwamba yeye ni hatari.

Ukweli ambao simu haikumwambia ni kwamba mawazo ya ghafla ya namna hiyo huwapitia wazazi wengi wapya, na kwamba mama anayeyaogopa na kuyachukia yumo katika hali tofauti kabisa na mgonjwa anayesikia sauti zikimwamuru, au anayeona kwamba kumdhuru mtoto ni jambo sawa. Huyu wa pili anahitaji kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Wa kwanza anahitaji mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu na matibabu ya wasiwasi. Kuwachanganya wawili hawa huwafanya akina mama wateseke kimya.

Kipindi cha korona kilionyesha jinsi habari nzuri inavyoweza kugeuzwa na maradhi haya. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na kwa miezi mingi kila redio, bango na simu ilihimiza kunawa mikono. Ushauri huo ulikuwa sahihi. Lakini kwa mtu ambaye tayari alikuwa ananawa hadi ngozi ikapasuka, ulisikika kama uthibitisho kutoka kwa serikali kwamba hofu yake ilikuwa na msingi, na idadi ya waliougua na kufariki iliyotangazwa kila siku ilimpa sababu ya kurudi kwenye simu kila jioni.

Kinachopotea usiku

Husemwa mara kwa mara kwamba mwanga wa simu ndio unaoharibu usingizi. Ni kweli kwa sehemu, lakini sehemu hiyo hutiwa chumvi. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2015, watu 12 walisoma kitabu kwenye kifaa chenye mwanga kwa saa nne kabla ya kulala, kwa siku kadhaa, kisha kitabu cha karatasi kwa siku kama hizo. Mwanga ulipunguza homoni inayouandaa mwili kulala na kuchelewesha saa ya mwili, lakini usingizi wenyewe ulichelewa kwa takriban dakika kumi tu. Dakika kumi hazielezi kijana anayelala saa tisa usiku. Kinachomweka macho ni yale anayoyasoma, na kwamba hayana ukurasa wa mwisho. Gazeti huisha. Taarifa ya habari ya saa tatu huisha. Video hufuatwa na video.

Hapa nyumbani yapo mambo yanayosukuma simu kuelekea usiku wa manane. Bando za usiku huuzwa kwa bei nafuu kuliko za mchana, na asiye na pesa nyingi hungoja saa hizo. Ndugu walioko Marekani hutoka kazini wakati Eldoret imeshalala, kwa hiyo kundi la familia huchangamka saa sita. Wanafunzi wa shule za bweni, ambao hawaruhusiwi simu muhula mzima, hurudi likizo ya Agosti au ya mwisho wa mwaka wakiwa na njaa ya miezi mitatu. Ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford iliitaja Kenya miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa matumizi ya TikTok. Haki nayo itendeke: si simu pekee inayowanyima watoto usingizi. Mwanafunzi anayeamshwa saa kumi alfajiri kwenda kusoma hajawahi kuona simu tangu muhula uanze, na bado analala darasani. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi, na mtu mzima angalau saba, iwe anayempunguzia ni kengele au ni TikTok.

Kwa mwenye mawazo sumbufu, saa zinazopotea zina bei ya ziada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwafuatilia kwa wiki moja watu 20 wenye OCD na wengine 10 wenye dalili zisizofikia kiwango cha ugonjwa kamili. Kila mmoja aliandika saa aliyolala na jinsi alivyoweza kuyadhibiti mawazo na matendo yake siku iliyofuata. Kwa wastani walilala kama saa sita na nusu usiku. Waliochelewa zaidi kwenda kitandani walijiona wameshindwa zaidi kuyadhibiti siku iliyofuata. Ni utafiti mdogo, wa watu 30 tu, lakini unaelezea jambo ambalo wagonjwa wengi hulisema wenyewe: baada ya usiku mbaya, wazo ambalo jana lingepita kama gari barabarani, leo linaegesha mlangoni. Akili iliyochoka haina nguvu ya kulipuuza. Kwa hiyo mtu hukagua zaidi mchana, hufika usiku akiwa na shaka nyingi zaidi, hushika simu ili atulie, na huchelewa tena kulala.

Je, mitandao ndiyo husababisha maradhi? Jibu la uaminifu ni kwamba haijathibitishwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2022 uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto zaidi ya 9,000 wa Marekani waliokuwa na umri wa miaka tisa na kumi. Kila saa ya ziada ya kutazama video kwa siku iliambatana na ongezeko la asilimia 11 la uwezekano wa kupata OCD, na michezo ya video ilionyesha uhusiano wa aina hiyohiyo. Televisheni ya kawaida haikuonyesha. Tofauti hiyo inafaa kufikiriwa na wazazi: televisheni huonyesha kilichopangwa kwa wote, huku video za simu zikichaguliwa kumfuata mtoto mmoja na kile kinachomnasa. Hata hivyo kuambatana si kusababisha. Inawezekana pia kwamba mtoto ambaye maradhi yanamnyemelea ndiye anayeitafuta skrini ili asahau. Huenda yote mawili ni kweli kwa pamoja, na mzazi hana haja ya kungoja wanasayansi wamalize ubishi huo ndipo aiondoe simu chumbani.

Tiba ipo, na ni ya kushangaza kidogo

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyefanya kazi London, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili ambao matibabu mengine yalikuwa yameshindwa. Badala ya kuwatuliza, aliwasogeza karibu na kile walichokiogopa na kuwazuia wasifanye matendo yao ya kujituliza. Hofu ilipanda, kisha, bila kitendo chochote, ikashuka yenyewe. Njia hiyo imeboreshwa tangu wakati huo, na leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayopendekezwa kwanza kwa OCD katika nchi nyingi. Mgonjwa halazimishwi. Yeye na mtaalamu hupanga ngazi, kuanzia hofu ndogo hadi kubwa, na hupanda kwa kasi anayoiweza.

Kwa upande wa simu, ngazi inaweza kuanza hivi: kutuma ujumbe katika kundi la chama na kutoufungua tena kwa dakika 15. Kisha nusu saa. Kisha hadi asubuhi. Baadaye kutuma ujumbe wenye kosa dogo la tahajia kwa makusudi na kuuacha ulivyo. Asiyeugua ataona ni mchezo. Kwa mgonjwa, hizo dakika 15 za kwanza zinaweza kuwa ngumu kuliko kupanda mlima wa Iten kwa miguu.

Dawa nazo zipo. Fluoxetine, ambayo hutumiwa pia kutibu sonona, husaidia wengi, na clomipramine imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya maradhi haya hasa. Zinahitaji subira: nafuu kamili huweza kuchukua wiki nane hadi kumi na mbili. Wengi huacha wiki ya tatu wakidhani dawa imeshindwa, au huacha ghafla mara wanapopata nafuu. Yote mawili hurudisha ugonjwa. Dozi hupunguzwa na daktari, polepole.

Kwa familia, jambo gumu zaidi ni kuacha kujibu. Kijana akimuuliza mama yake mara kumi kwa ujumbe, "Una hakika sikumuudhi mwalimu?" mama hujibu mara kumi kwa upendo, na kila jibu hufanya kazi ileile ya kukagua geti. Si vizuri kunyamaza ghafla wala kufoka. Familia zilizofaulu hukubaliana mapema na mgonjwa, akiwa ametulia, juu ya maneno watakayotumia, kwa mfano: "Naona wasiwasi umekuja. Tulikubaliana nisijibu swali hilo. Njoo tukae pamoja." Kumnyang'anya simu kwa nguvu hakufanyi kazi pia. Maradhi huhama tu kutoka kwenye simu hadi kwenye kitasa cha mlango, na mgonjwa hujifunza kuficha.

Linalofaa zaidi ni utaratibu wa nyumba nzima, wazazi wakiwemo. Simu zote huchajiwa sebuleni kuanzia saa tatu na nusu usiku. Wasiwasi wa kuchelewa kuamka huondolewa na saa ya kengele ya mezani. Tiki za buluu huweza kuzimwa katika mipangilio ya WhatsApp, na arifa za makundi zikanyamazishwa hadi asubuhi. Bando la mchana, ingawa ni ghali kidogo, hugharimu kidogo kuliko siku ya kazi iliyopotea. Mzazi anayemwambia mtoto aweke simu chini huku yeye mwenyewe anaperuzi Facebook kitandani atasikilizwa siku mbili tu.

Wachungaji, mapadri na maimamu wanayo nafasi yao. Muumini anayerudi kila wiki kuungama dhambi ileile, au kuuliza kama sala yake ilikubaliwa, na kila mara anatulia kwa siku moja tu, huenda haugui imani yake. Kumwongezea sala za kurudia ni kumwongezea mzigo. Kiongozi wa dini akimwambia mara moja kwamba amesikilizwa, kisha akamsindikiza hadi kituo cha afya, amemsaidia zaidi.

Mahali pa kuanzia

Mwaka 2017 watafiti wakiwemo madaktari wa Eldoret walichapisha uchunguzi wa watu wazima 420 katika eneo la Kosirai, Kaunti jirani ya Nandi. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kupata angalau tatizo moja la afya ya akili maishani. Hiyo ni jamii ya kawaida ya wakulima na wafugaji, si wodi ya hospitali. Anayeugua hayuko peke yake kijijini, hata kama hakuna mwingine aliyesema.

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupelekwa kwa rufaa hadi hospitali kubwa, na ikibidi hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, MTRH, mjini Eldoret, ambayo ina idara ya afya ya akili. Inafaa kubeba kitambulisho na kuwa umesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, na inamlinda mgonjwa: habari zake ni siri, na matibabu hutolewa kwa ridhaa yake isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria.

Wengi hufika kwa mhudumu, hushikwa na aibu, husema wanaumwa kichwa, na kurudi na dawa ya maumivu. Njia rahisi ya kulizuia hilo ni karatasi. Kwa siku saba kabla ya kwenda, mgonjwa aandike saa aliyozima taa, saa aliyoiweka simu chini, mara ngapi alikagua au kuuliza, na muda uliotumika. Wazo lenyewe si lazima aliandike kama linamtia haya. Atosheke na kuandika "lile wazo". Ampe mhudumu karatasi hiyo kabla ya kusema lolote. Mhudumu aliyefunzwa ana maswali yake pia, kama yale kumi ya kipimo cha Yale-Brown ambacho kimetumika duniani tangu mwaka 1989. Maswali hayo huuliza muda unaopotea, dhiki inayosababishwa na nguvu ya mtu kulikataa wazo. Hayamuulizi kama yeye ni mtu mbaya.

Anayefikiria kujiua, au anayeishi na mtu anayesema hivyo, asingoje siku saba wala karatasi. Afike katika hospitali iliyo karibu usiku uohuo, au apige simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo hailipishwi. Kwa watoto, nambari ya bure ni 116.